Bei ya Samaki wa Kilemba

Kaeni vizuri, wakubwa kwa watoto. Hadithi hii nimeileta bila mwisho, kwa sababu walioianza hawakuweza kuimaliza. Mwisho mtautoa nyinyi, na mkigombana njiani mkirudi nyumbani, msinitaje.

Kusini mwa mji wa Kigoma, karibu na Ziwa Tanganyika, palikuwa na uwanja wa matangi. Samaki wa humo hawakuuzwa kwa kilo. Walikuwa samaki wa kutazamwa. Walitiwa kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, wakasafirishwa hadi kwenye hoteli na nyumba za mbali, ambako watu huwaweka sebuleni ndani ya vioo. Mwenye uwanja alikuwa mjane, Bi Kilumba. Watu watatu walimfanyia kazi, na kila mmoja alikuwa na kipaji ambacho wenzake hawakuwa nacho.

Wa kwanza ni Asukulu, mzamiaji. Samaki wa kina kirefu akipandishwa haraka, tumbo huvimba na macho humtoka. Wazamiaji wengine humtoboa kwa sindano ili hewa itoke, na samaki wengi hufa baadaye. Asukulu hakuwahi kushika sindano. Alipanda nao kidogo, akasimama katikati ya maji, akasubiri, akapanda tena, mpaka wakafika juu wakiwa wazima.

Wa pili ni Mwavita, mtunzaji. Alionja maji ya tangi kwa ncha ya ulimi akajua kama yameanza kuharibika. Samaki aliyetolewa ziwani hukataa kula kwa hofu, lakini akilishwa na Mwavita alikula siku hiyohiyo. Hakuna samaki aliyewahi kuukataa mkono wake.

Wa tatu ni Nzigilwa, na kazi yake ilikuwa kutazama. Samaki wengi wa ziwa lile dume na jike wamefanana, na ukiwachanganya vibaya wanauana. Nzigilwa aligeuza ndoo, akaikalia mbele ya kioo tangu asubuhi hadi adhuhuri, kisha akasema: huyu jike, huyu dume wake, yule mwingine mtoeni kabla hajaua. Hakukosea.

Mngedhani watu wenye vipaji tofauti namna hii hawana cha kuoneana wivu. Walikuwa nacho.

Wageni walipokuja, walimpiga picha Asukulu na mavazi yake ya mpira, maji yakimtiririka. Mwavita alisimama kando na ndoo ya uduvi mkononi, hakuna aliyemwomba hata atabasamu. Jambo hilo lilimchoma. Asukulu naye hakulala vizuri kwa sababu Bi Kilumba alikula chakula cha mchana na Mwavita, sahani moja, huku yeye akipelekewa chake kwenye mti wa kuanikia nyavu. Na Nzigilwa aliwaonea wivu wote wawili, kwa kuwa kazi zao zilionekana. Ya kwake ilifanana na uvivu.

"Mwenzetu ana bahati," Asukulu alikuwa akisema kwa sauti ili asikike. "Analipwa kwa kukaa kitako."

"Na wewe unalipwa kwa kuoga," Nzigilwa alijibu.

Siku moja Bi Kilumba aliwaita wote watatu barazani. Mezani aliweka ufunguo wa uwanja.

"Wanangu, miguu yangu imechoka. Mwanangu wa Mpanda anataka nikakae naye, na nitakwenda. Uwanja huu nitamwachia mmoja wenu. Mmoja tu. Marehemu kaka yangu aliwaachia watu watatu uwanja wake, na sasa hivi pale panalimwa mihogo."

Wote walitazama ufunguo.

"Kuna mteja Dar es Salaam, Bi Farhat," akaendelea. "Anataka samaki wa kilemba."

Samaki wa kilemba ni mdogo, hajazi kiganja. Mwili wake ni mweusi, na juu ya kichwa ana doa jeupe kama kitambaa kilichofungwa. Anakaa chini sana, ambako mwanga unakaribia kwisha. Bi Farhat hakutaka mmoja. Alitaka dume na jike waliokubaliana, tena wenye watoto, ili awe na hakika kwamba watazaa tena kwake. Kwa jozi kama hiyo angelipa bei ya ng'ombe wa maziwa na ndama wake. Samaki wasio na watoto angewachukua pia, lakini kwa bei ya jogoo.

Habari ilifika sokoni kabla ya jioni. Mama Ntabaye, muuza samaki aina ya migebuka, alikuja hadi kwenye uzio kuhakikisha.

"Ng'ombe na ndama? Kwa kidubwana hiki? Hakitoi hata mchuzi wa mtu mmoja!"

"Haliwi, shoga yangu. Anatazamwa tu," Bi Kilumba alimjibu.

"Basi waje wanitazame mimi. Nitawapunguzia."

Bi Kilumba alicheka, lakini alipowageukia wafanyakazi wake hakuwa akicheka tena. "Mimi mwenyewe sijui kama samaki huyu anastahili bei hiyo. Ninachojua ni kwamba bei hiyo haitoki kwenye nyama yake. Kuna mtu ataifanya iwepo. Atakayeifanya iwepo ndiye nitakayemkabidhi ufunguo."

Hapo ndipo wivu, ambao hadi siku ile ulikuwa wa maneno, ulipopata kazi ya kufanya.

Asukulu alizama. Aliwakuta samaki wa kilemba wanne kwenye ufa wa mwamba, mahali ambapo hajawahi kufika mzamiaji mwingine wa ufuko ule. Aliwazungushia wavu, akawaingiza kwenye kizimba, akaanza kupanda. Alipofika kituo cha kwanza alisubiri. Kituo cha pili akaona mshale wa mtungi wake wa hewa umeshuka kuliko alivyotarajia, kwa kuwa mkondo ulimpotezea nguvu. Angeweza kupanda moja kwa moja. Yeye angekuwa salama, samaki wangevimba. Alibaki. Alivuta hewa kwa kuibania, akakitundika kizimba kwenye kamba ya boya ili samaki walale humo wakizoea, kisha ndipo akapanda haraka, hewa ikimwishia. Alitoka majini damu ikimtoka sikioni. Kesho yake akarudi kuwachukua. Wote wanne walifika tangini matumbo yao yakiwa sawa. Tangu siku ile, sikio lake la kushoto halisikii vizuri.

Mwavita aliwapokea. Waliukataa uduvi, wakakataa konokono waliopondwa, lakini walipokata tamaa wengine wote yeye aliwapa mayai ya samaki kwenye ncha ya kidole, wakala. Ikafika siku ya harusi ya mdogo wake huko Ujiji. Mwavita alikwisha kupakwa hina, nguo imepigwa pasi, na alipita uwanjani kuaga tu. Umeme ukakatika. Mashine ya kupulizia hewa ikanyamaza. Jenereta lilikuwa kwa fundi. Samaki wa kilemba wakapanda juu wakitweta. Mwavita alivua viatu, akachukua bakuli, akawa anachota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yaingie hewa, akichota na kumwaga, mkono huu ukichoka anabadilisha. Simu ililia mara nyingi kwenye mkoba. Umeme uliporudi jua lilikuwa limeinama, na mdogo wake alikuwa ameshaolewa. Hina ilikuwa imefifia hadi kwenye viwiko. Hakufa samaki hata mmoja. Mdogo wake hajamsamehe hadi leo.

Nzigilwa naye akaleta ndoo yake. Samaki wanne walikuwa sawa kama punje za maharage. Alitazama siku nyingi. Aliona nani anasogea nani akila, nani anageuza ubavu, nani anajikunja mwingine akipita. Akasema kuna jike mmoja tu, na kati ya madume watatu wawili watamwua. Akaonyesha ni wepi. Wakatolewa. Akapanga vipande vya chungu chini ya tangi mpaka ikapatikana pembe iliyomfaa jike kujificha asionekane na dume. Alikaa pale hadi mgongo ukakataa kunyooka, akawa anatembea kama mzee. Majirani wakamwuliza mkewe ameolewa na mtu wa rika gani.

Mpaka hapo, kila mmoja amefanya lake. Sasa sikilizeni kilichofuata.

Mwavita hakufurahi kumwona Nzigilwa kutwa nzima mbele ya samaki aliowaokoa yeye. Bi Kilumba alipita, akamkuta Nzigilwa amekaa, akamwuliza, "Wanaendeleaje samaki wako?" Samaki wako. Mwavita alisikia. Kesho yake Nzigilwa alikuta ndoo yake imejazwa uduvi na imewekwa nje.

"Dada Mwavita, kiti changu?"

"Humu ni chumba cha kazi, kaka. Hakuna viti vya wavivu."

"Na samaki atatazamwa na nani?"

"Nina macho mawili. Yanatosha."

Nzigilwa hakubishana. Alikwenda kusimama dirishani, nje, na ni kutoka dirishani alipoliona jambo ambalo wenzake hawakuliona. Jike alitaga nyuma ya vipande vya chungu, kisha akayachukua mayai yote mdomoni. Ndivyo wafanyavyo samaki hawa. Mama huatamia mdomoni, na kwa majuma kadhaa hali kitu, mpaka watoto watoke wakiogelea.

Nzigilwa aliondoka dirishani bila kusema neno. Alikuwa na siri yenye thamani ya ng'ombe na ndama, akaona ni tamu. Na aje mwenye macho mawili aigundue.

Mwavita hakuigundua. Aliyajua magonjwa ya samaki na ya maji, lakini samaki wa kilemba hakuwahi kumfuga, na samaki wengine wanaoatamia mdomoni Nzigilwa ndiye aliyemtajia siku zote. Alichoona yeye ni jike aliyeinamisha kichwa, amefumba mdomo, anakataa chakula. Alimpa uduvi, akakataa. Akampa mayai kwenye kidole, akageuka. Mwavita alionja maji mara nyingi hadi ulimi ukafa ganzi. Hatimaye alitoka nje.

"Nzigilwa, ndugu yangu. Njoo umtazame huyu jike."

"Mimi? Mimi ni wa kukaa kitako. Na humo ndani hakuna kiti."

"Nakuomba."

"Una macho mawili, dada."

Asukulu aliyasikia mazungumzo hayo kwa sikio lake moja, na akaona nafasi. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Kilumba.

"Mama, samaki niliowatolea sikio langu wanakufa. Jike hali. Maji yameharibika, na mwenye maji hataki kusema."

"Una hakika?"

"Niliwaleta wazima. Wewe mwenyewe uliwaona."

Bi Kilumba alikwenda, akamwona jike ameinama. Akamwamuru Mwavita atie dawa ya buluu, ile ya ukungu. Mwavita alisita. "Mama, maji hayana tatizo."

"Basi tatizo ni nini?"

Mwavita alichukua chupa. Alianza kumimina dawa. Rangi ilipoanza kusambaa, jike alitikisika, akatema mayai matatu, manne, yakaanguka juu ya vipande vya chungu.

"Acha!" Nzigilwa alipiga kelele dirishani. "Acha, ana watoto mdomoni!"

Kilichotokea baadaye kilitokea haraka. Mwavita alitupa chupa, akaingiza mpira kwenye tangi na kuyanyonya maji kwa kinywa chake ili yaanze kutoka, akameza dawa, akatapika, akaendelea kushika mpira. Asukulu alibeba mapipa ya maji safi kutoka ziwani, mbio, kwenda na kurudi. Nzigilwa aliingia ndani, akakaa sakafuni, akawaelekeza: mimina pande hii, usimwinamie, funika kioo, msiongee. Jike alitetemeka mdomo. Akatema mengine. Kisha akatulia, akaufunga. Yaliyobaki ndani hakuna aliyeyajua ni mangapi.

Majuma yalipita. Hakuna aliyemsemesha mwenzake. Asubuhi moja walikuta vilemba vyeupe vidogo, kama mbegu za ufuta, vikiogelea mbele ya uso wa mama yao. Hawakuwa wengi. Walikuwa watoto.

Bi Farhat alifika kutoka Dar es Salaam na masanduku yake ya kusafirishia. Alipiga magoti mbele ya kioo, akawahesabu watoto mmoja mmoja. Akalipa bei yote.

"Hebu niambie, mwanangu," Bi Kilumba alimwuliza. "Unalipia nini hasa? Watu sokoni wanasema tumekuibia."

"Wamekosea, mama. Samaki mwenyewe yuko ziwani, hana bei. Ninalipia alivyofika mpaka hapa. Nani amefanya kazi hii?"

Watatu walijibu kwa pamoja: "Mimi."

Bi Farhat alicheka akidhani ni mzaha. Alipoona nyuso zao, alifunga masanduku yake na kuondoka.

Bi Kilumba akaweka ufunguo mezani. "Semeni."

"Bei yake ni kina," alisema Asukulu. "Bila mimi samaki huyu yuko chini kwenye ufa, na hakuna anayejua kama yupo. Na mimi nimelipa kwa sikio."

"Bei yake ni pumzi," alisema Mwavita. "Aliyekufa hana thamani hata ya gazeti la kumfungia. Siku ile wewe ulikuwa wapi na mtungi wako? Mimi nimelipa kwa ndugu wa tumbo moja."

"Bei yake ni jozi," alisema Nzigilwa. "Pumzi na kina ni bei ya jogoo. Mteja alisema mwenyewe. Ng'ombe na ndama nimewaleta mimi."

"Na ungewaua wewe!" Mwavita alisema. "Ulijua, ukanyamaza."

"Ulinitoa nje kama mbwa."

"Basi ungebweka!"

"Dawa uliimimina wewe, dada, si mimi."

"Niliamriwa. Kwa sababu ya ulimi wa huyu." Alimwonyesha Asukulu. "Alikwenda kunisengenya."

"Nilisema nilichokiona," alijibu Asukulu.

"Hukuona kitu. Ulitaka kuona."

Bi Kilumba aliwaacha mpaka wakaishiwa maneno. "Nikimpa mmoja, wawili mtabaki?"

Asukulu alitazama nje. "Chini ya Mwavita, hapana. Nitavuka ng'ambo ya ziwa, nirudi kwetu."

"Chini ya mtu aliyeniona nahangaika akanyamaza?" alisema Mwavita. "Afadhali niuze maandazi."

Nzigilwa alikuwa wa mwisho. "Mimi nitabaki chini ya yeyote atakayenipa kiti."

Mwavita akacheka kwa dharau. "Unasikia, mama? Hata sasa anajipendekeza."

Bi Kilumba alijua kitu kimoja. Mmoja akiondoka, uwanja utabaki na samaki wa bei ya jogoo. Wawili wakiondoka, hakutakuwa na uwanja. Basi la Mpanda linaondoka kesho alfajiri, na nguo zake zimeshafungwa.

Sasa ni zamu yenu. Msiniambie wagawane, Bi Kilumba amekataa na ametoa sababu. Msiniambie auze uwanja, mwenyewe amesema atamwachia mmoja wao. Kuna wanaosema aangaliwe aliyetoa kilicho kikubwa: sikio, ndugu, au mgongo. Kuna wanaosema yahesabiwe makosa: kumfukuza mwenzako kwenye kazi yake, kunyamaza ukiwa na la kusema, au kumchongea mwenzako kwa jambo usilolijua. Wengine wanasema apewe yule ambaye wenzake wataweza kukaa chini yake, hata kama si yeye aliyestahili zaidi.

Nimeisimulia hadithi hii mara nyingi, na nimeona jambo moja. Msikilizaji akishamtaja anayempa ufunguo, nikimwuliza sababu, huanza kunieleza ubaya wa wale wawili waliobaki.

Kwa hiyo jibu bila kuwagusa hao wawili. Je, wewe ungemkabidhi nani?